Matema: Agiza Samaki Kabla Hujavua Viatu

Mara ya kwanza nilipofika Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, nilifanya kosa la kitoto: nilisubiri njaa iume ndipo niulize chakula. Ilikuwa saa nane mchana, Juni, upepo unavuma. Tumetoka majini, mume wangu kajifunga taulo kiunoni, watoto macho mekundu. Nikaenda jikoni kwa mwendo wa mtu wa Tabata aliyezoea kuagiza chipsi mayai na kupewa kabla hajamaliza kuhesabu chenji. "Mama, tunaomba samaki wanne, wali na mboga."

Akaniangalia kwa upole. "Samaki yupo, mwanangu," akasema, kisha akanyoosha kidole ziwani, kwenye mtumbwi mmoja uliokuwa mbali, mdogo kama punje ya mchele. "Yule kule anakuja naye."

Tulikula saa kumi na moja jioni. Mtoto wetu mdogo alishalala na biskuti mkononi. Na yule mvuvi wala hakuwa mvivu, upepo ndio ulimchelewesha. Sisi ndio hatukuuliza kitu tangu asubuhi.

Nimeshakwenda mara tatu sasa, na ofisini wanaonitafuta kwa ushauri huuliza maswali mawili: kuna nini cha kufanya kule, na mnakula wapi? Kwa Matema hilo ni swali moja. Unakula ulichokiagiza asubuhi, na unafanya kile kinachokwisha wakati chakula kinaiva. Ukilielewa hilo, mengine yote ni mapambo.

Kwa asiyepajua: Matema ipo kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, wilaya ya Kyela, mkoa wa Mbeya. Ufukwe ni wa mchanga, mrefu, na upande wa mashariki Milima ya Livingstone imesimama wima kana kwamba imechomoka majini. Ziwa lipo kwenye mita kama 475 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya ile safu vinapita 2,000. Ndiyo maana jua la Matema huchelewa kazini. Saa moja asubuhi, muda ambao Dar umeshaanza kutokwa jasho kwenye foleni ya Tazara, Matema bado upo kivulini. Anga imekucha, wavuvi wanaonekana vizuri, ila jua lenyewe lipo nyuma ya mlima linapanda ngazi. Na mteremko ule hauishii ukingoni mwa maji. Ziwa hili ni la pili Afrika kwa kina baada ya Tanganyika, na sehemu zake za ndani zinafika mita kama 700.

Mume wangu ni mtu wa Tanga, kwa hiyo ana kiburi cha bahari. Siku ile ya kwanza alisimama ukingoni dakika nzima akinusa. "Mbona halinuki?" Alikuwa anatafuta chumvi na mwani. Ukifumba macho mawimbi ni yale yale ya Kigamboni. Ukilamba midomo ni maji ya bombani. Watoto walishangaa zaidi kwamba macho hayawashi na nywele hazigandi.

Safari sitaizungumzia sana, maana barabara ile kila mtu wa Dar anaijua au ana ndugu anayeijua. Mabasi ya Kyela yanaondokea stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Unapita Morogoro, unawaonesha watoto twiga na pundamilia pale Mikumi, unapanda Kitonga moyo ukiwa mkononi, kisha Iringa, Mafinga, Makambako, hadi Uyole. Hapo basi linakata kushoto kuelekea Tukuyu badala ya kuingia Mbeya mjini. Ni kutwa nzima na kipande cha usiku. Ushauri wangu, na huu nimeulipia kwa mgongo wangu: usiunganishe moja kwa moja. Sisi mara ya kwanza tulishuka Kyela usiku, joto limesimama kama ukuta, mbu wanatupokea, tukalala gesti ambayo feni yake ilikuwa pambo. Mara ya pili tulishuka Tukuyu, tukalala kwenye baridi na blanketi, asubuhi tukateremka taratibu. Mwenye haraka apande ndege hadi Songwe, ila akumbuke uwanja ule upo upande wa pili wa jiji la Mbeya, kwa hiyo safari ya gari bado anayo. Treni ya TAZARA nayo inafika Mbeya; ipande kama unapenda reli na huna mtu anayekusubiri.

Kulala Tukuyu kuna faida nyingine, nayo ni ya tumbo. Kule ndiko kwenye parachichi za Rungwe, zile ambazo zikifika Buguruni zimeshabonyezwa na watu kumi. Nunua ngumu za kutosha siku tatu. Nunua na ndizi mbivu. Matema matunda yapo, lakini si kila siku na si kila aina, na mtoto mwenye njaa saa tano asubuhi hajali kwamba samaki ameagizwa.

Sasa turudi jikoni.

Siku hizi tukifika tu, kabla ya kuangalia vyumba, mimi huenda kumsalimia mpishi. Kusalimia kweli, siyo "mambo" ya kupita. Ukiweza kusema "ndaga fijo" badala ya asante sana, utaona uso unavyofunguka. Wanyakyusa wanapenda mgeni anayejaribu. Halafu namuuliza maswali matatu, kwa mpangilio huu: leo wavuvi wametoka? Wamerudi na nini? Na wewe mwenyewe ungempika vipi? Hilo la tatu ndilo lenye thamani. Ukimwambia mpishi "nikaangie", atakukaangia, kwa sababu wageni wa mjini wote husema hivyo. Ukimwachia achague, ndipo unapokula.

Samaki mwenye jina kule ni mbasa. Ni mrefu, ana magamba ya fedha, na wakati wa kutaga huacha ziwa na kupanda mitoni, kwa hiyo upatikanaji wake una msimu na una bahati. Nyama yake ina mafuta yake yenyewe. Mara yetu ya pili tulimpata mmoja wa kututosha wanne. Yule mama alimpasua mgongoni, akampaka chumvi na ndimu tu, akaibanika nusu moja juu ya makaa yaliyokwisha kuvaa majivu meupe, mbali kidogo na moto. Hakumgeuza mara mbili mbili kama tunavyofanya sisi pale Coco Beach kwa wasiwasi. Alimgeuza mara moja, ngozi ilipoanza kujikunja ukingoni na mafuta kudondoka yakichekacheka kwenye makaa. Kisha akachukua nusu ya pili ambayo hakuibanika, akaipika mchuzi wa nyanya na vitunguu, mwepesi, hauna viungo vya kutajika. Nikauliza, "Hutii pilipili manga, mama?" Akanijibu, "Ukimtia, utakula pilipili manga."

Onyo moja: mbasa ana miiba midogo mingi, mingine imejigawa pacha. Usimpe mtoto aliyezoea minofu akiwa anaangalia simu. Kwa watoto agiza magege, ambao ni jamaa wa sato. Wana nyama nene na miiba yao ni mikubwa unayoiona. Mume wangu alikula mbasa kimya kabisa, akamaliza, akanawa, akasema tu, "Hana chumvi ya bahari." Mtu wa Tanga akisema hivyo ujue amesalimu amri.

Halafu kuna usipa. Dar tunauita dagaa wa Nyasa na tunaununua mkavu, tukaulalamikia mchanga. Kule utaukuta mbichi, umetoka kuvuliwa usiku kwa taa, unang'aa kama sindano. Ukikaangwa asubuhi kwenye mafuta yaliyochemka sana, ukaliwa na ndizi za kuchemsha, ni kifungua kinywa ambacho hakuna hoteli ya Posta inayoweza kukupa. Lakini lazima useme jana yake jioni, maana mpishi anatakiwa kuwawahi wanawake wanaopokea mitumbwi alfajiri. Ukichelewa umeshaanikwa.

Wali sina haja ya kuusifia. Dar kila duka la mchele lina gunia lililoandikwa Kyela, na wote tunajua kwamba si kila punje ndani yake imewahi kuiona Kyela. Kule harufu inaanza sufuria ikiwa bado imefunikwa. Usile wali kila mlo lakini. Omba mbalaga, ndizi za kupika za Kinyakyusa, ambazo huja na maharage au nyama na ni laini kiasi kwamba kijiko kinasimama halafu kinaanguka chenyewe. Hiki nacho ni chakula cha kuagiza mapema, na mara nyingi hakimo kwenye orodha ya hoteli kwa sababu wanadhani mgeni atakidharau. Uliza.

Wapi pa kula, basi? Una njia tatu, na mimi natumia zote. Hoteli za ufukweni zina meza, kivuli na bei ya meza na kivuli. Mama lishe wa kijijini wana chakula kilichoiva mchana, unakikuta, unakula, unaondoka. Ukikosea hesabu za asubuhi, hao ndio wa kukuokoa, mradi uwahi kabla ya saa nane. Ya tatu ndiyo niipendayo: unakwenda mwenyewe mitumbwi inapotia nanga, unanunua samaki, unampelekea mama unayeelewana naye, unamlipa kazi ya kupika na mkaa. Ongea bei ya kupika kabla, si baada. Hapa niseme wazi kwamba sehemu moja tuliwahi kuletewa hesabu ambayo mkaa wake ungetosha kuyeyusha chuma. Tulilipa, kwa sababu tulikuwa tumeshakula na hatukuwa tumeuliza. Bei siandiki, ya mwaka huu ikija kusomwa mwaka ujao inageuka ugomvi. Chukua noti ndogo ndogo kutoka Kyela mjini, maana mvuvi na muuza vyungu hawana chenji ya noti nyekundu.

Umeshaagiza. Mpishi amekwambia saa saba. Una asubuhi nzima.

Asubuhi ndiyo ya kwenda majini, kwa sababu ziwa mara nyingi bado limelala. Kuanzia Mei hadi Agosti kuna upepo wa kusini wanaouita mwera. Upepo huo ukiamka, mawimbi yanakuwa ya kweli kweli na mwenye mtumbwi atakuambia hapana. Akikuambia hapana, usimwongezee hela. Juni ni likizo ya shule kwa hiyo wengi wetu tunakwenda wakati huo huo. Nendeni, baridi yake ni nzuri, ila mipango ya maji ifanyeni alfajiri. Aprili na Mei mimi siendi: Tukuyu inanyeshewa zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, maji yote yale yanateremka Kyela, na Kyela huwa inafurika. Septemba tulipata ziwa la kioo na joto la kuudhi. Nikiambiwa nichague, nachagua Septemba.

Mnapoogelea, kaeni kwenye mchanga ulio wazi, mawimbi yanapopiga. Epuka midomo ya mito na sehemu zenye matete. Huko ndiko mamba wanakopenda, na Mto Lufilyo unaingia ziwani jirani tu upande wa magharibi. Sisi huuliza wenyeji, na tunaoga pale tunapoona watoto wa kijiji wanaoga. Kuna na kichocho, ambacho hakipigi kelele kama mamba: konokono wake wanapenda maji yaliyotulia yenye majani. Ziwa Nyasa linacho katika baadhi ya sehemu, na hakuna haja ya kubishana. Tukirudi Dar tunasubiri wiki kama sita hadi nane, kisha tunakwenda kituo cha afya kupimwa na kupewa praziquantel. Ukiwahi sana minyoo bado ni michanga na dawa haiikamati vizuri. Neti na dawa ya mbu ni lazima, Kyela na malaria ni marafiki wa zamani. Likitokea la kutokea, Matema ina hospitali ya KKKT hapo hapo kijijini.

Bebeni miwani ya kuogelea, hata ile ya bei rahisi ya Kariakoo. Upande wa mashariki, mchanga unapoishia na mawe kuanza, kuna visamaki vidogo vya bluu, vya njano, vyenye mistari, vile ambavyo matajiri huvinunua kuviweka kwenye matangi ya vioo sebuleni. Ziwa hili lina mamia ya aina zao na nyingi hazipatikani popote pengine duniani. Mwanangu mkubwa alikuja juu akipiga kelele, "Mama, kuna samaki wa katuni!" Ilichukua saa nzima kumtoa. Nilikuwa na saa nzima. Samaki wa kula alikuwa bado yupo jikoni.

Jambo ambalo ningekuomba usilikose ni vyungu. Mbele ya Matema, kwa mguu kando ya ziwa, kuna kijiji cha Lyulilo, na Jumamosi kuna mnada wa vyungu vya Wakisi. Hawa ni watu wa ukingo wa milima ya Livingstone, sehemu ambayo ardhi ya kulima ni haba, na wanawake wao wamefanya ufinyanzi kuwa shamba lao. Vyungu hufika kwa mitumbwi, vimepangwa kimoja ndani ya kingine, nyasi katikati, na kutoka hapo vinapelekwa kokote, hadi Mbeya na huku kwetu. Ukitaka kuona vinakotengenezwa unakodi mtumbwi kwenda Ikombe, rasi iliyochomoza ziwani chini ya mlima.

Tulikwenda. Mama mmoja alikuwa amekaa chini nje ya nyumba yake, mbele yake bonge la udongo limewekwa juu ya kigae kipana. Gurudumu hana. Mkono wa kushoto unazungusha kile kigae pole pole, wa kulia unapandisha ukuta wa chungu kwa kuukanda na kuuvuta, na kila mzunguko ukuta unakuwa mwembamba kuliko ule uliotangulia. Nilipepesa macho chungu kikiwa sahani, nikaja kuangalia kina tumbo. Akachukua kipande cha kibuyu akakwangua ndani, kisha kokoto lililolainika kwa miaka akasugua nje hadi udongo mbichi ukaanza kung'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Hakutuangalia hata mara moja. Binti yake ndiye aliyekuwa akiongea nasi na kupanga bei. Nilipomuuliza alijifunza wapi, alinionesha yule mama kwa kidevu tu.

Unapochagua chungu, kigonge kwa kifundo cha kidole. Kikilia kama kengele, kimeiva na hakina ufa. Kikisema "du", kirudishe taratibu, usimwaibishe muuzaji mbele ya wenzake. Cha kupikia kiwe na kitako kizuri cha mviringo na ukuta usiozidi unene wa kidole; cha maji kinaweza kuwa kinene. Nyumbani, kabla ya kukipikia, kilowekwe usiku kucha kisha uchemshe uji mwepesi ndani yake, umwage. Mboga ya majani ikipikwa humo, hata mchicha wa Tabata unaanza kujisikia.

Mkirudi kutoka Ikombe saa saba, chakula kipo. Mnaona hesabu inavyokaa?

Kwa wenye miguu kuna maporomoko ya maji juu ya kijiji, unapanda kando ya kijito ukiwa na kijana wa kukuongoza. Ni mwinuko wa kweli, na jua likishatoka nyuma ya mlima halina huruma, kwa hiyo ondokeni mapema. Mimi nimekwenda mara moja, nikaoga kwenye maji baridi ya kung'oa meno, nikaapa kutorudi. Mume wangu amerudi mara mbili.

Njiani kati ya Kyela na Matema, kupitia Ipinda, angalieni mikeka na turubai kando ya barabara zenye mbegu za kahawia zinazotoa harufu ya kuchachuka: hiyo ni kakao. Kyela ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya kakao ya nchi hii, na watoto wengi wa Dar wanaokula chokoleti hawajui kwamba inaota kwenye shina la mti, tunda zito la njano, kama papai lililokunjamana. Muombe mkulima akupasulie moja umlipe. Usitafune mbegu, ni chungu. Nyonya ule utelezi mweupe, mtamu wenye ukali kidogo, mfano wa topetope na ndimu vikikutana. Mwanangu mdogo alimeza mbegu tatu na hakuna lililompata.

Na jioni? Jioni hakuna kitu. Nasema kwa sifa. Jua linashukia upande wa Malawi na tambarare ya Kyela, mlima wa mashariki unageuka rangi ya zambarau halafu mweusi, na baadaye taa za wavuvi wa usipa zinaanza kujipanga ziwani hadi inaonekana kuna mji upande wa pili. Mtu anayetafuta muziki na nyama choma hadi saa nane usiku abaki Sinza. Ukiona moshi umesimama wima katikati ya ziwa mchana, usidhani meli inaungua: ni vijidudu, mamilioni kwa mamilioni, na kandokando ya ziwa hili wapo wanaovikamata, wakavifinyanga na kuvila. Mimi sijaonja. Mume wangu angeonja, lakini hakubahatika, upepo ulivipeleka kwingine.

Ukiwa na siku ya ziada usiitumie Matema, ipeleke Rungwe. Kutoka Tukuyu kuna Daraja la Mungu, mwamba wa volkano uliojiviringa juu ya Mto Kiwira kama umejengwa na fundi. Unasimama, unapiga picha, nusu saa imekwisha. Ziwa Ngosi ni habari nyingine: unapanda msitu kwa miguu, matope, miti yenye ndevu, halafu ghafla unachungulia shimo la volkano lenye maji ya kijani mbali chini. Twende na viatu vya kushika, na tusiwabebe watoto wadogo. Ukiteremka hapo uingie Kiwira au Tukuyu, ule ndizi na nyama na chai ya moto. Ni chai ya mashamba uliyoyapita njiani.

Mambo ya kurudi Dar. Chungu changu cha kwanza kilifia kwenye buti. Nilikikabidhi kwa kondakta, nikamwambia "kaka, ni chungu hiki", akaniambia "usijali dada", na pale Mbezi nikakabidhiwa mfuko wa vigae. Siku hizi naomba muuzaji anipakie mwenyewe: nyasi kavu tumboni, majani ya mgomba nje, ndani ya tenga, na tenga linakaa miguuni pangu hadi Dar hata kama magoti yatafika masikioni. Mchele nanunua Kyela sokoni, nikiwa nimetafuna punje chache kwanza kusikia kama umekauka. Mbichi hukatika na njiani huvunda.

Na usipa, jamani. Kila mtu atakuagiza usipa: mama mkwe, jirani, mlinzi wa ofisini. Ununue uliokauka hadi unavunjika kwa sauti ukiukunja, uweke kwenye ndoo yenye mfuniko wa kukaza, uzungushie gundi ya karatasi. Siyo mfuko wa sandarusi, siyo boksi. Dada mmoja alipanda Tukuyu na boksi, akaliweka juu ya vichwa vyetu. Tulipofika Makambako jua likaingia dirishani likalipiga lile boksi, na kuanzia hapo hadi Morogoro hakuna abiria aliyefungua chakula chake.